Umri wa Dunia, Vipindi Vyake na Safari ya Uhai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya naulizwa tena na tena: na wanafunzi, na waongoza watalii, na wazazi ambao mtoto amerudi nyumbani na orodha ya majina marefu ya kukariri. Nimeyapanga kuanzia yale ya msingi hadi yale yanayowagawa hata wataalamu. Mifano mingi nimeichota Afrika Mashariki kwa makusudi. Sehemu kubwa ya historia hii ina jiwe lake hapa kwetu, na mtu akishalishika jiwe mkononi, jina gumu halimtishi tena.

## Mambo ya msingi

Dunia ina umri gani, na nani alijua?

Ina miaka bilioni 4.54 hivi. Aliyeupata umri huo kwa mara ya kwanza kwa kipimo kinachoaminika ni Clair Patterson, mwanakemia wa Marekani, mwaka 1956. Alipima madini ya risasi yaliyomo ndani ya vimondo, kikiwemo kile cha Canyon Diablo kilichoanguka Arizona, akapata miaka bilioni 4.55. Vipimo vya baadaye havijaisogeza namba hiyo kwa kiasi cha maana.

Kwa nini vimondo, na si mawe ya hapa hapa? Kwa sababu Dunia haitunzi mawe yake ya kwanza. Huyayeyusha, huyasaga na kuyafinyanga upya. Mwamba mkongwe unaojulikana vizuri, ule wa Acasta kaskazini mwa Kanada, una miaka bilioni 4 hivi. Chembe za madini ya zirkoni kutoka Jack Hills, Australia Magharibi, zimefikia bilioni 4.4, lakini hizo ni chembe tu. Mwamba uliozizaa haupo tena. Vimondo viliundwa wakati mmoja na Dunia, ila vyenyewe havikupita jikoni.

Miaka bilioni sipati picha yake. Nifanyeje?

Chukua utepe wa kupimia wa fundi cherehani, ule wa sentimita 150. Utandaze sakafuni mara tatu mfululizo, kisha ongeza sentimita nne. Kila milimita ni miaka milioni moja. Hiyo ndiyo Dunia yote, tangu ilipoumbika hadi leo asubuhi.

Sasa simama upande wa leo urudi nyuma. Milimita 1.75 tu, na uko Olduvai na binadamu wa kale aliyepewa jina la Zinj. Sentimita 6.6, dinosaria wakubwa wanakufa. Sentimita 24 hivi, dinosaria wa kwanza wanatokea. Sentimita 54, bahari inajaa wanyama wenye magamba na miguu. Baada ya hapo unatembea karibu mita tatu ambazo karibu uhai wote ni viumbe visivyoonekana kwa macho, na mwisho unafika kwenye sehemu ambayo hatuna hakika kama kulikuwa na uhai wowote. Binadamu wa aina yetu, mwenye miaka kama 300,000, anachukua unene wa karatasi tatu za daftari. Nimefanya hivi na watoto wa darasa la tano na nimefanya na watu wazima. Wote hunyamaza wakifika zile mita tatu.

Eoni, era, kipindi na epoki vinatofautianaje?

Fikiria mkoa, wilaya, tarafa na kata. Eoni ndiyo mkoa, ndani yake zimo era, ndani ya era vimo vipindi, ndani ya kipindi zimo epoki, na epoki nazo hugawanywa katika vipande vidogo zaidi vinavyoitwa umri. Anwani yetu ya leo ni hii: eoni ya Fanerozoiki, era ya Kenozoiki, kipindi cha Kwaternari, epoki ya Holosini, umri wa Meghalaya.

Mfano huu unafaa kwa jambo la pili pia, na hili ndilo watu wengi hulikosa. Wilaya hazilingani ukubwa, kwa sababu mipaka mingi hufuata mto au mlima, haikupigwa kwa rula. Mipaka ya vipindi nayo iko hivyo. Hakuna aliyekaa akagawa miaka kwa mafungu sawa. Watu walitazama matabaka ya mawe, wakaona mahali ambapo viumbe vya chini havifanani na vya juu, wakaweka mpaka hapo. Kretasia ina miaka milioni 77, Siluria haifiki 25, na hakuna kosa lolote.

Naomba mpangilio wote kwa ufupi.

Eoni ni nne. Hadea inaanzia kuumbika kwa Dunia hadi miaka bilioni 4 iliyopita. Akea inafuata hadi bilioni 2.5, kisha Proterozoiki hadi milioni 539, kisha Fanerozoiki tuliyomo.

Fanerozoiki ina era tatu. Ya kwanza ni Paleozoiki, yenye vipindi sita; namba ni mwanzo wa kila kimoja kwa mamilioni ya miaka iliyopita: Kambria (539), Ordovisia (487), Siluria (443), Devonia (419), Kabonifera (359) na Permia (299). Ya pili ni Mesozoiki, yenye Triasi (252), Jurasi (201) na Kretasia (143). Ya tatu ni Kenozoiki, yenye Paleojini (66), Neojini (23) na Kwaternari (2.58).

Kama ni lazima ukariri, anza na mipaka miwili tu: 252 na 66. Yote miwili ni misiba mikubwa, na ndiyo inayozitenga zile era tatu. Habari zake ziko kwenye swali la maangamizi makubwa.

Majina haya yametoka wapi?

Mengi ni ya mahali ambapo matabaka yalichunguzwa kwanza, na kwa kuwa kazi hiyo ilianzia Ulaya katika karne ya 19, majina ni ya Ulaya. Kambria ni jina la Kilatini la Wales. Ordovisia na Siluria ni makabila ya kale ya huko huko Wales. Devonia ni Devon, Uingereza. Permia ni mji wa Perm, Urusi. Jurasi ni milima ya Jura, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi. Mengine yanaeleza mwamba wenyewe: Kabonifera maana yake ni yenye kuzaa makaa, Kretasia imetokana na chaki, na Triasi ni utatu wa matabaka yaliyoonekana Ujerumani.

Majina ya Kiswahili yameingia kwa mlango mwingine, kwenye majina ya viumbe. Tazama sehemu ya dinosaria.

Nani anaamua mpaka uwe wapi?

Tume ya Kimataifa ya Stratigrafia, yaani elimu ya matabaka, chini ya Umoja wa Kimataifa wa Sayansi za Jiolojia. Kwa kila mpaka huchaguliwa mahali pamoja duniani, kwenye ukuta wa mwamba unaofikika, na hapo huwekwa alama inayoitwa msumari wa dhahabu, ingawa mara nyingi ni bamba la shaba. Wa kwanza uliidhinishwa mwaka 1972 huko Klonk, katika Jamhuri ya Czech ya leo, kwa mpaka wa Siluria na Devonia. Mwanzo wa Kambria uko Fortune Head, kisiwani Newfoundland, Kanada. Cha ajabu, kilichochaguliwa hapo si mfupa wala gamba. Ni vijishimo vya mnyama aliyekuwa akichimba kwenye tope la bahari. Mwili wake haujulikani, njia yake imebaki.

## Umri wa mwamba

Wanajuaje umri wa jiwe? Si kukisia tu?

Si kukisia. Kuna njia mbili, na zinakaguana.

Ya kwanza ni mpangilio. Tope likitua juu ya tope, la chini ndilo la zamani. Nicolas Steno aliandika kanuni hiyo mwaka 1669. William Smith, mpima ardhi wa Uingereza aliyekuwa akifuatilia uchimbaji wa mifereji, aligundua kwamba kila tabaka lina visukuku vyake, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, na kwamba mfuatano ni ule ule kila anakokwenda. Mwaka 1815 akachapisha ramani ya jiolojia ya nchi yake. Njia hii hukuambia kipi kilitangulia, lakini haikupi miaka.

Ya pili hutoa miaka. Baadhi ya atomi hubadilika kuwa nyingine kwa kasi isiyoyumba. Nusu ya urani 238 hugeuka risasi kwa miaka bilioni 4.47. Nusu ya potasiamu 40 hubadilika kwa miaka bilioni 1.25, na sehemu yake huwa gesi ya agoni. Volkano ikitema lava au majivu ya moto, agoni iliyokuwemo hutoroka, saa inaanza kwenye sifuri. Jiwe likipoa, agoni mpya hunaswa ndani kidogo kidogo. Ukiipima, unajua saa imetembea muda gani.

Njia hiyo ilijipatia sifa hapa hapa. Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai, Mary Leakey aliliona fuvu la Zinj likichomoza ardhini. Wakati ule wengi walidhani halifiki hata miaka milioni moja. Mwaka 1961 majivu ya volkano ya tabaka lile yalipimwa kwa potasiamu na agoni, jibu likaja miaka milioni 1.75. Historia ya binadamu ilirefuka ghafla. Olduvai ikaingia kwenye kalenda ya Dunia kwa njia nyingine tena: sumaku ya Dunia hugeuka mara kwa mara, kaskazini ikawa kusini, na muda mmojawapo ambao ilielekea kama leo, uliokwisha miaka milioni 1.78 hivi iliyopita, unaitwa Olduvai dunia nzima, kwa sababu ulitambuliwa kwenye lava ya bonde lile.

Kwa nini hawatumii kaboni 14 kwa dinosaria?

Kwa sababu nusu yake huisha kwa miaka 5,730 tu. Ikipita miaka 50,000 hivi, kilichobaki ni kidogo mno kupimika. Kaboni inafaa kwa makaa ya jikoni la kale la Kilwa, haifai kwa mfupa wa dinosaria wa Tendaguru, Lindi.

Kitabu changu kinasema Kambria ilianza miaka milioni 570 iliyopita, wewe unasema 539. Nani yuko sahihi?

Kitabu chako ni cha zamani. Namba hiyo ilikuwa 570, ikaja 542, kisha 541, na sasa ni 538.8. Mpaka wenyewe haukuhama, ni vipimo vimeboreka. Lakini ipo mipaka iliyohamishwa kweli kwa uamuzi: mwaka 2009 mwanzo wa Kwaternari ulirudishwa nyuma kutoka miaka milioni 1.8 hadi 2.58, ili barafu kuu za kaskazini zilipoanza ziwe ndani yake.

Utakutana pia na maneno "Prekambria" na "Tashiari". La kwanza ni jina la jumla tu kwa eoni tatu za mwanzo. La pili halimo tena kwenye jedwali rasmi; nafasi yake imechukuliwa na Paleojini na Neojini. Ukitunga mtihani, tumia jedwali la tume, na uandike ni la mwaka gani.

Je, mambo haya yanapingana na dini?

Nimeulizwa na Waislamu na Wakristo, na huwa najibu hivi: jiolojia inapima miaka ya jiwe na mfuatano wa viumbe. Haina chombo cha kupima kwa nini kuna ulimwengu. Wapo wanajiolojia wengi wanaoswali na wanaosali, na Steno niliyemtaja hapo juu alikufa akiwa askofu.

## Safari ya uhai

Uhai ulianza lini?

Si baada ya miaka bilioni 3.5 hivi iliyopita. Huko Pilbara, Australia Magharibi, kuna stromatoliti zenye miaka karibu bilioni 3.48: vichuguu vya mawe vilivyojengwa na utando wa vijidudu, tabaka juu ya tabaka. Yapo madai ya zamani zaidi, na bado yanabishaniwa.

Oksijeni tunayovuta ilitoka wapi?

Kwa vijidudu. Dunia changa haikuwa na oksijeni ya kuvuta. Aina fulani ya bakteria walijifunza kutumia mwanga wa jua kupasua maji, na oksijeni ilikuwa taka yao. Mwanzoni haikujikusanya hewani kwa sababu kila ilipotoka ilikamatwa, hasa na chuma kilichoyeyuka baharini. Kama bati la paa linavyopata kutu, ndivyo bahari ilivyopata kutu. Chembe zikazama chini zikawa matabaka mekundu na meusi yaliyopishana. Miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita, hewa yenyewe ikaanza kubadilika.

Miamba ya namna hiyo iko hata Kanda ya Ziwa. Sehemu kubwa ya dhahabu ya Geita imejikita kwenye miamba ya chuma ya matabaka ya eoni ya Akea. Na yale mawe makubwa ya Mwanza yaliyobebana juu ya ziwa, ambayo kila mgeni huyapiga picha, ni matale ya eoni hiyo hiyo, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yalipopoa, hapakuwa na mmea, samaki wala mdudu popote duniani. Waliokuwepo ni wale bakteria.

Mlipuko wa Kambria ni nini? Kitu gani kililipuka?

Hakuna kilicholipuka. Ni jina la wakati ambapo makundi mengi makuu ya wanyama yanatokea kwenye mawe kwa muda mfupi, kama miaka milioni 20. Kabla yake, katika kipindi cha Ediakara (milioni 635 hadi 539), palikuwa na viumbe laini wenye umbo la majani au mikeka, visukuku vyao viko hadi Namibia. Kisha ghafla kuna macho, taya, miguu yenye viungo na magamba magumu. Sehemu mbili zinaonyesha hayo vizuri kuliko zote: Chengjiang nchini China, miaka milioni 518, na Burgess Shale nchini Kanada, milioni 508.

Sababu bado zinajadiliwa: oksijeni zaidi, bahari kubadilika, na wanyama kuanza kulana. Mimi naona hiyo ya mwisho ina uzito. Ukishapata anayewinda, gamba na jicho havikwepeki.

Viumbe walitoka lini baharini?

Mimea ilitangulia, miaka milioni 470 hivi iliyopita, midogo na ya chini kama kuvu la ukutani. Wadudu na jamaa zao walifuata. Wenye uti wa mgongo walichelewa hadi Devonia. Tiktaalik, aliyepatikana kwenye visiwa vya kaskazini mwa Kanada mwaka 2004, ana miaka milioni 375: ana magamba na mapezi ya samaki, lakini ndani ya pezi kuna mfupa mmoja wa juu, kisha miwili, kisha kifundo. Pima mkono wako mwenyewe, utaikuta hesabu hiyo hiyo.

Makaa ya mawe ya Tanzania ni ya kipindi cha Kabonifera, sivyo?

Sivyo, na kosa hili limejaa kwenye madaftari. Makaa ya Ulaya na ya mashariki mwa Marekani ndiyo ya Kabonifera. Ya kwetu, Kiwira, Ngaka na Mchuchuma, ni ya Permia. Wakati misitu ya kinamasi ya Ulaya ikiota karibu na ikweta, Afrika yetu ilikuwa kusini zaidi, sehemu ya bara kubwa la Gondwana, na barafu nene ilitanda kusini mwake. Barafu ilipoyeyuka ndipo vinamasi vya kwetu vilipostawi, na mti mkuu ulikuwa Glossopteris, wenye majani kama ulimi. Jani hilo linapatikana pia India, Australia, Amerika Kusini na Antaktika, na lilikuwa moja ya ushahidi kwamba mabara hayo yaliwahi kushikana.

Maangamizi makubwa yametokea mara ngapi?

Yanayohesabiwa kwa kawaida ni matano: mwisho wa Ordovisia, mwishoni mwa Devonia, mwisho wa Permia, mwisho wa Triasi na mwisho wa Kretasia. Mawili yanastahili maneno zaidi.

La Permia, miaka milioni 252 iliyopita, ndilo baya kuliko yote. Zaidi ya asilimia 80 ya spishi za baharini zilipotea. Volkano za Siberia zilimwaga lava juu ya eneo kubwa mno, hewa ikajaa kaboni, bahari ikapata joto na kukosa oksijeni. Trilobiti, wanyama wa bahari wenye gamba na miguu mingi waliokuwepo tangu Kambria, hawakuonekana tena. Bonde la Ruhuhu, kusini magharibi mwa Tanzania, lina mawe ya pande zote mbili za msiba huo: chini wanyama wa Permia, juu wanyama wa Triasi, na ukiwaweka pamoja unaona jinsi dunia ilivyobadilisha wenyeji.

La Kretasia, miaka milioni 66 iliyopita, lilisababishwa na jiwe kutoka angani lililopiga Chicxulub, Meksiko, na kuacha shimo lenye upana wa kilomita 180 hivi. Mwaka 1980 Luis Alvarez, mwanawe Walter na wenzao walieleza kwamba ukanda mwembamba wa udongo kwenye mpaka huo una iridi nyingi, madini adimu juu ya ardhi lakini ya kawaida kwenye vimondo.

## Dinosaria na majina ya Kiswahili

Je, watu waliwahi kuishi na dinosaria?

Hapana, kama unamaanisha wale wakubwa. Kati ya wale wa mwisho wao na sisi kuna zaidi ya miaka milioni 65 tupu. Lakini ndege ni uzao wa dinosaria, kwa hiyo kuku uani kwako ni jamaa yao wa damu.

Tanzania iliwahi kuwa na dinosaria gani?

Wengi. Tendaguru, kaskazini magharibi mwa Lindi, ni moja ya hazina kubwa za Jurasi duniani, yenye miaka milioni 150 hivi. Humo alipatikana Giraffatitan mwenye shingo ndefu, na Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni.

Nyanda za Rukwa zimetoa wa Kretasia, na watafiti wamewapa majina ambayo Mswahili huyasoma bila kamusi. Shingopana songwensis, aliyetangazwa mwaka 2017, shingo yake ilikuwa pana. Mnyamawamtuka moyowamkia, wa mwaka 2019, ni mnyama wa mto Mtuka, na pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Kenya nayo ina Simbakubwa kutokaafrika, wa miaka milioni 23 hivi, ambaye taya lake lilikaa miaka mingi kwenye makumbusho Nairobi kabla ya kutambuliwa. Huyu si dinosaria, na licha ya jina si simba. Ni mla nyama wa ukoo uliokwisha. Karibu na Ziwa Nyasa kulipatikana mifupa ya Nyasasaurus, wa Triasi ya kati, ambaye huenda ni dinosaria wa kwanza au jamaa wa karibu sana.

Kwa nini dinosaria wa Tendaguru wako Berlin?

Kwa sababu walichimbwa wakati wa utawala wa Wajerumani, kati ya 1909 na 1913, muda mfupi baada ya Vita vya Maji Maji kuichoma nchi ile ile. Mamia ya wenyeji walichimba, wakafungasha, kisha wapagazi wakabeba mizigo kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Giraffatitan amesimama leo katika makumbusho ya Berlin, kimo mita 13.27.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Dinosaria mmoja, Australodocus bohetii, alipewa jina lake mwaka 2007, na Wamweracaudia wa mwaka 2019 amebeba jina la Wamwera. Kwangu hayo ni mwanzo, hayatoshi. Mtoto wa Lindi anastahili kuiona mifupa ya Lindi.

## Ushahidi uliokuzunguka

Naishi pwani, hakuna milima wala makorongo. Nitaona nini?

Tazama ukuta. Nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar, Lamu na kuta za Ngome ya Yesu Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Mahali plasta imebanduka, sogea karibu: utaona vitundu vilivyojipanga kama nyota ndogo, na pengine gamba la chaza limenasa katikati. Kila kitundu kilikuwa nyumba ya mnyama mmoja. Sehemu kubwa ya mwamba huo wa pwani ilijengeka katika Plaistosini, epoki iliyotangulia Holosini, bahari ilipokuwa juu. Miaka 125,000 hivi iliyopita ilizidi usawa wa leo kwa mita kadhaa. Unaposimama juu ya jabali la pwani, uko juu ya mwamba uliokuwa chini ya maji.

Tanga, mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa ya Jurasi. Na udongo wa Kilwa na Lindi umechimbwa na watafiti kutafuta foraminifera, vijiumbe vya bahari vyenye magamba, waliohifadhika hadi magamba yao yanang'aa kama kioo. Kwa magamba hayo wamesoma jinsi bahari ilivyopoa miaka milioni 34 iliyopita.

Silikanti ni nini, na kwa nini anaitwa kisukuku hai?

Ni samaki mkubwa wa maji ya kina, mwenye mapezi yenye nyama kama vijiguu. Wanasayansi walimjua kwenye mawe tu, wakaamini alikwisha pamoja na dinosaria, hadi mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wamewanasa kadhaa kwenye nyavu za papa, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Jina "kisukuku hai" silipendi sana. Silikanti wa leo si yule wa Kretasia. Ukoo wake umebadilika polepole, haukusimama.

## Maswali magumu

Je, tumeingia katika epoki ya binadamu, Anthroposini?

Kwenye jedwali rasmi, hapana. Pendekezo lilikuwa mpaka uwekwe katikati ya karne ya 20, alama yake ikiwa matope ya Ziwa Crawford, Ontario, yenye mabaki ya majaribio ya mabomu ya nyuklia. Machi 2024 kamati inayohusika na Kwaternari ililikataa kwa kura. Hakuna aliyekana kwamba binadamu anaibadilisha Dunia. Hoja ilikuwa kwamba miaka 70 na kidogo ni haba mno, na kwamba mabadiliko hayo yalianza zamani kwa kilimo na ufugaji. Neno litaendelea kutumika magazetini. Mtihani ukiuliza tuko epoki gani, andika Holosini.

Umri wa Meghalaya unatuhusu nini Waafrika?

Ulianza miaka 4,200 hivi iliyopita kwa ukame uliogusa sehemu nyingi za dunia, na msumari wake uko kwenye jiwe la pango huko Meghalaya, India. Mwaka 2002 timu ya Lonnie Thompson iliripoti kuhusu barafu waliyotoboa kileleni Kilimanjaro mwaka 2000: ndani yake kulikuwa na tabaka la vumbi lenye miaka kama 4,000, dalili ya ukame mkali. Barafu hiyo inaisha. Kila mwaka kurasa za juu zinayeyuka kabla hazijasomwa vya kutosha.

Kama matabaka yanafuatana, mbona mahali pengine vipindi vinakosekana?

Kwa sababu mawe hula hasara. Ardhi ikiinuka juu ya maji, mvua na upepo huondoa yaliyokuwepo, na tabaka jipya likitua huketi juu ya la kale mno. James Hutton alilionyesha hilo Siccar Point, Uskoti, mwaka 1788. Kati ya mawe mawili yanayogusana kunaweza kupotea mamilioni ya miaka. Hakuna mahali popote duniani penye kitabu kizima. Kila nchi ina kurasa zake.

Nimeokota kitu kinachofanana na mfupa wa jiwe. Nifanye nini?

Kiache kilipo. Thamani yake ya kisayansi iko kwenye tabaka kilimolala, na kikishaondolewa bila kuandikwa, umri wake hupotea. Piga picha ukiwa umeweka kalamu au sarafu pembeni kuonyesha ukubwa, andika mahali kwa usahihi, kisha toa taarifa: Tanzania kwa Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa, Kenya kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 na ile ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 zinavilinda vitu hivi, na kuchimba au kusafirisha bila kibali ni kosa. Usikipake mafuta, usikisugue kwa maji, na usikubali anayekuja na fedha mkononi kabla wataalamu hawajafika.